Siri ya Nyumba ni ya Nani?



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nililishughulikia vibaya. Nalieleza kwa ruhusa ya wahusika, mume na mke, ambao wameniomba nisitaje majina yao wala parokia yao.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumamosi moja jioni baada ya mafundisho ya Kipaimara, mama mmoja alibaki nyuma kanisani mpaka watoto wote wakatoka. Alikuwa mama mwenye bidii katika jumuiya yake, asiyekosa zamu yake ya kufagia kanisa. Akaniuliza, "Mwalimu, ni dhambi mke kumtoa mumewe nje?"

Sikuelewa, naye akaeleza. Mumewe alikuwa karani katika ghala la nafaka. Alikunywa kila siku, na sehemu kubwa ya mshahara ilikwisha kwa mama pima kabla ya kufika nyumbani. Kila Jumatatu asubuhi ni mke aliyempigia simu msimamizi wa ghala kumwambia kwamba mumewe ana malaria. Madeni aliyalipa yeye kwa pesa za mayai. Mumewe akitapika usiku, yeye ndiye aliyefua shuka gizani ili watoto wasijue. Lakini watoto walijua. Siku moja Padre alipita kubariki nyumba, akamuuliza mtoto wa mwisho baba yuko wapi. Mtoto akajibu, "Baba ana malaria ya Jumatatu."

Mama huyo alikuwa amesikia kwamba mjini kuna watu wanaokutana kila juma ili kusaidiana kuacha pombe. Alitamani kwenda kuuliza, lakini aliogopa. Kwenda pale, aliwaza, ni kutangaza kwamba mume wangu ni mlevi, na mbele ya altare niliahidi kumheshimu.

Mimi nilimjibuje? Nilimwambia, "Mama, mambo ya chumbani hayatoki nje. Ndoa ni msalaba. Vumilia, sali rozari, Mungu ataona." Akaitikia, akashukuru, akaenda zake. Alivumilia miaka miwili mingine.

Leo ningempa jibu tofauti. Nawaandikia ninyi jibu hilo kwa sababu naamini kwamba miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu, wapo wanaouguza malaria ya Jumatatu.

KUSITIRI NA KUFICHA

Ushauri wangu ulikuwa na ukweli ndani yake. Mke anayesimulia udhaifu wa mumewe kisimani, au mume anayecheka na wenzake juu ya aibu ya mkewe, anavunja kitu kitakatifu. Mtu akikufungulia maisha yake yote, hana budi kukuamini kwamba hutayamwaga barabarani.

Lakini lugha yetu ina maneno mawili ambayo mimi niliyachanganya. Kuna kusitiri, na kuna kuficha. Kumsitiri mtu ni kumfunika asidharauliwe, huku ukimtafutia msaada. Kuficha ni kulifunika jambo lisionekane, hata kama linaendelea kuua. Nesi humsitiri mgonjwa kwa shuka, lakini daktari akifika hakifichi kidonda. Wahenga walijua hatari hii waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa nje matendo haya mawili yanafanana, maana yote ni kufunika. Ukitaka kuyatofautisha, jiulize swali moja: anayenufaika na kufunika huku ni nani?

Tuitazame ile simu ya Jumatatu. Je, mume alinufaika? Alilala hadi saa sita, na ugonjwa wake ukapata juma jingine la kukua bila kusumbuliwa. Je, watoto walinufaika? Walijifunza kwamba katika nyumba ya Mkristu kuna uongo ulio halali. Mke je? Kila juma alizidi kuwa peke yake. Aliyenufaika kwa hakika ni pombe, kwa sababu ilipata mlinzi asiyelipwa, tena mwaminifu sana.

NILICHOAMBIWA HOSPITALINI

Baada ya miaka miwili mume alifukuzwa kazi. Msimamizi hakuwa mjinga. Hakuna mtu mzima anayeugua malaria siku ile ile ya juma mwaka mzima. Muda mfupi baadaye alianguka mtaroni usiku, akavunjika mguu. Nilikwenda kumwona hospitalini. Nilimkuta mkewe nje ya wodi, akanieleza kilichotokea.

Nesi aliyempokea mgonjwa alimuuliza mke, "Mama, anakunywa kiasi gani?" Mke akaanza kusema, "Hanywi sana," kisha akanyamaza. Nesi alingoja. Basi mke akasema ukweli wote, kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliponiambia mimi. Nesi hakushangaa wala hakumlaumu. Aliandika, akamwita daktari, na baadaye akamwelekeza mahali kile kikundi kilipokuwa kikikutana, na siku gani.

Nikiwa nimesimama pale, mama akaniambia kwa upole neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, ile siri uliyoniambia niitunze haikuwa yake, wala haikuwa yangu. Ilikuwa ya chupa." Sikuwa na la kujibu.

KILA MMOJA NA MZIGO WAKE

Nilirudi nyumbani nikafungua Waraka kwa Wagalatia, sura ya 6. Katika aya ya 2 Mtume Paulo anatuagiza tubebeane mizigo. Aya tatu tu mbele, katika aya ya 5, anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha sura hiyo mara nyingi bila kuona ugumu wake. Aya ipi inamhusu mke wa mlevi?

Naona zote mbili zinamhusu, lakini si kwa mzigo mmoja. Uko mzigo ambao mtu hawezi kuubeba peke yake: njaa ndani ya nyumba, hofu ya usiku, ugonjwa wenyewe. Huo twabebeana. Lakini upo mzigo ambao mwenyewe asipoubeba hakuna mwingine awezaye. Kumwambia bosi wako ukweli. Kumlipa uliyemkopa. Kusema, "Nimeshindwa, nisaidieni." Mke akimbebea mumewe mzigo huu wa pili, anamnyang'anya. Anamwondolea lile jiwe ambalo pengine angejikwaa nalo akaamka.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mama yule. Siri ya nyumba ni ya nani? Habari za ulevi wa mume ni za mume; yeye ndiye mwenye kuzisimulia, siku atakayokuwa tayari. Lakini maumivu ya mke ni ya mke. Ana haki ya kuyapeleka mahali pa kuponywa, bila kuomba ruhusa ya mtu, kama ambavyo angekwenda zahanati akiwa na homa. Kwa hiyo nawapa kanuni tatu fupi: usitangaze, usidanganye, usibaki peke yako.

Usitangaze: usiende kumchafua mwenzako kwa majirani, wala kwa wakwe, wala mbele ya watoto. Usidanganye: Jumatatu ikifika, mpe simu aongee mwenyewe. Kukataa kusema uongo si kutangaza. Usibaki peke yako: tafuta watu waliopita njia hiyo.

Najua kanuni ya pili ina gharama. Ukiacha kudanganya, huenda mshahara ukakatika, na watoto hula mshahara huo. Siwezi kumwambia mama yeyote kwamba jambo hilo ni jepesi. Nasema tu kwamba uongo nao una gharama, na mara nyingi kazi hupotea vilevile, ila hupotea baadaye, mgonjwa akiwa amezidi kudhoofika.

NI UGONJWA AU NI DHAMBI?

Swali hili huulizwa sana katika semina za ndoa. Wazee wengi husema ni dhambi tu, aache. Wengine husema ni ugonjwa tu, asilaumiwe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inahesabu matumizi mabaya ya pombe miongoni mwa mambo yaliyo kinyume cha fadhila ya kiasi. Lakini katika namba 1735 inafundisha pia kwamba mazoea na sababu nyingine za nafsi huweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, au hata kuiondoa. Kanisa halimwachilii mlevi wala halimponde. Linamtazama kama mtu.

Fikirini mgonjwa wa kifua kikuu. Hakuna anayemhukumu kwa kuambukizwa. Lakini akishaambiwa ana ugonjwa, na dawa ipo, ana wajibu wa kuimeza kila siku na kutowaambukiza watoto wake. Ulevi nao uko hivyo. Huenda mtu hana tena uwezo wa kunywa glasi moja akasimama. Uwezo alionao ni wa kuomba msaada. Wajibu wake uko pale pale uwezo wake ulipobaki.

Nawe mke au mume wake, kumbuka kwamba si wewe uliyeusababisha ugonjwa huo kwa kupika vibaya au kunung'unika, na si wewe utakayeuponya kwa kupika vizuri au kunyamaza.

KIKUNDI HIKI NI NINI?

Chama chenyewe kinaitwa Alcoholics Anonymous, nasi wengi twakiita AA. Maana ya jina ni walevi wasiotajwa majina. Mwanzo wake yafaa kuujua.

Mwaka 1935 mtu mmoja wa New York, Bill Wilson, aliyefanya biashara ya hisa, alikuwa katika mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, na pale hotelini baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Badala ya kuingia, alitazama orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alitambua kwamba asipopata mlevi wa kumsaidia, yeye mwenyewe angekunywa. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye bado alikuwa akinywa. Daktari alikubali kumpa dakika 15, lakini wakazungumza kwa saa kadhaa. Siku daktari aliyokunywa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama.

Siku hizo hospitali hazikupenda kuwapokea walevi. Mwaka 1939 mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, aliyekuwa akiandikisha wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron, alianza kuwapokea kwa msaada wa Daktari Bob. Aliwaandika kuwa wana ugonjwa wa tumbo, na mmoja wa kwanza alimlaza katika chumba kidogo kilichotumiwa kupanga maua. Sisemi kwamba uandishi ule haukuwa na doa. Lakini linganisheni ugonjwa wa tumbo wa Sista na malaria ya Jumatatu. Sista alifunika jina ili mgonjwa afike kitandani mbele ya daktari. Sisi hufunika jina ili mgonjwa asifike popote.

Wengine huuliza, je, hii si dini nyingine? Sivyo. AA si kanisa. Katika hatua zao 12 wanamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu, nawe Mkatoliki utakwenda na Mungu wako yule yule. Padre Edward Dowling, Mjesuiti, alikuwa rafiki na mshauri wa Bill Wilson tangu mwaka 1940. Ila msichanganye mambo: katika hatua ya tano mtu humsimulia mwenzake makosa yake, na jambo hilo ni jema, lakini halichukui nafasi ya sakramenti ya Kitubio. Wala Kitubio hakichukui nafasi ya kikundi. Padre huondolea dhambi. Mlevi mwenzako anajua saa kumi na moja jioni hukuvuta vipi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

MAMA ALIYOYAKUTA

Mama yule alikwenda kwanza peke yake, mumewe akiwa bado na plasta mguuni. Alipanda matatu mbili. Alikuta chumba cha kawaida, mabenchi, na chupa ya chai. Mwenye tai aliketi karibu na mwenye viatu vya mpira. Walikuwapo wanawake watatu, jambo ambalo hakulitarajia. Mmoja alisimama, akataja jina lake la ubatizo tu, akasema yeye ni mlevi, na kwamba leo hajanywa. Wengine wakamsalimu. Mama ananiambia ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia neno mlevi likitamkwa bila kicheko na bila tusi.

Hakuna aliyemuuliza anatoka kanisa gani. Hakuna aliyeandika taarifa. Mtu aliposema, hakukatizwa. Mchango ulipitishwa mwishoni, mwenye chochote akatia, asiye nacho akapisha. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Na yote yaliyosemwa yalibaki mle ndani. Ndiyo maana nasema kwamba kwenda pale si kuvunja siri. Ni kuipeleka mahali inapositiriwa.

Mumewe alifuata baada ya miezi minne, si kwa kuburutwa. Aliona mkewe ameacha kulia, ameacha kugombana, na ameacha kumpigia msimamizi yeyote simu. Akauliza, "Huko mnakoenda husemwa nini?" Mke akajibu, "Nenda ukasikie mwenyewe." Amerudi kwenye pombe mara mbili tangu hapo, na mara mbili amerudi kikundini. Sasa amekaa zaidi ya miaka mitatu bila kunywa. Ukimuuliza yeye, atakwambia ana leo tu.

Si nyumba zote humalizika hivyo. Najua mume ambaye hajawahi kwenda, na mke wake huenda peke yake mpaka sasa. Hata hivyo mke huyo amepona mambo mengi.

JINSI YA KUKIPATA

Kwanza, uliza. Muulize Padre au katekista wako, nesi, au daktari wa hospitali ya kaunti. Si lazima ueleze maisha yako, sema tu, "Natafuta mkutano wa AA ulio karibu." Ile mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, yaani NACADA, ina simu ya bure, namba 1192. Unaweza kupiga bila kutaja jina.

Pili, uliza ni mkutano wa aina gani. Iko mikutano ya wazi, ambayo mke, mume au rafiki anaweza kuhudhuria. Iko mingine ya wenye tatizo la pombe peke yao. Hakikisha siku na saa kabla ya kulipa nauli, maana vikundi huhama na saa hubadilika. Kuna pia Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mkewe Bill Wilson, pamoja na mwenzake. Palipo na Al-Anon, anzia hapo wewe mwenzi. Pasipo nayo, anza na mkutano wa wazi.

Tatu, daktari kwanza. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu asikatishwe pombe ghafla nyumbani na kufungiwa chumbani, kama wengine wanavyofanya. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuona visivyokuwapo, hata kufa. Mpelekeni hospitali, na mseme ukweli. Na mkitafuta kituo cha kulala, ulizeni kama kina kibali cha NACADA.

Nne, usihukumu kwa mkutano mmoja. Nenda mara kadhaa. Kama kikundi kimoja hakikufai, jaribu kingine. Pembeni huwa kuna mtu aliyetangulia ambaye yuko tayari kupokea simu usiku.

Tano, kama kuna kipigo nyumbani, usalama wako na wa watoto huja kabla ya mkutano wowote. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu sisi makatekista tumenyamaza mno. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho. Kuvumilia msalaba si kuvumilia panga.

Neno kwa waume ambao wake zao ndio wanaokunywa: siri yenu huwa nzito zaidi, kwa sababu jamii humcheka mlevi mwanamume lakini humtupa mlevi mwanamke. Usimrudishe kwao kwa aibu. Kanuni ni zile zile tatu.

KAMA HAKIPO KARIBU

Wengi mnaishi mbali na mji. Wapo wanaohudhuria mikutano kwa simu, na ni afadhali hiyo kuliko kukosa. Lakini kumbukeni Akron. Walikuwa wawili tu. Ikiwa kijijini mwenu yupo mtu mmoja aliyeacha pombe, na mwingine anayetaka kuacha, mkutano umekwisha kupatikana. Kilichobaki ni kupanga siku. Muombeni Padre chumba. Jumuiya yaweza kusaidia kwa chai na kwa kunyamaza, lakini isijifanye kikundi. Mlevi asiye tayari akisimamishwa mbele ya majirani kumi na wawili kuombewa kwa jina, hatarudi. Hapo tutakuwa tumemtangaza, si kumsitiri.

PAA LILILOBOMOLEWA

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimleta kwa Yesu mwenzao aliyepooza. Mlango ulikuwa umejaa watu. Wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha. Sisi twapenda kuhubiri imani ya wale wanne. Mara chache twafikiri juu ya lile paa. Nyumba ilifunguliwa mbele ya watu, na mgonjwa akaonekana na wote akiwa amelala kwenye kitanda chake. Bila shaka ilikuwa aibu. Lakini hawakulibomoa paa ili watu wamwone. Walilibomoa ili afike.

Mama yule aliniuliza kama ni dhambi kulifungua paa la nyumba yake. Mimi nikamwambia akazibe matundu. Ewe uliye na swali lake leo, nakuomba usingoje miaka miwili. Nauli ya matatu mbili si kubwa. Na ukihitaji mtu wa kwenda nawe mara ya kwanza, uwaombe walioko karibu nawe. Mke wangu nami tumekwisha kusindikiza wanne. Twakaa nje, twangoja, twarudi pamoja.

Mungu azibariki ndoa zenu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, mume na mke peke yenu:

1. Je, yupo mtu katika ukoo wetu ambaye tunamfichia, nasi twadhani tunamsitiri? Anayenufaika ni nani?

2. Ni mzigo gani ninaoubeba ambao ni wa mwenzangu kuubeba? Na ni upi ninaomwachia ambao tungebebeana?

3. Kama mimi ningekuwa mgonjwa wa pombe, ningependa ufanye nini? Semeni sasa, mkiwa wazima.

4. Mkutano ulio karibu na parokia yetu uko wapi, siku gani, saa ngapi? Kama hatujui, nani kati yetu atauliza juma hili?